Mlipeni kabla ya kumpongeza

Jumamosi iliyopita nilimkuta dada mmoja anauza mashine yake ya kuchanganyia zege. Ilikuwa nje ya duka la vifaa vya ujenzi, Buhongwa hapa Mwanza. Zege kavu bado imeganda ndani ya pipa, na mnunuzi anaizunguka huku akiigonga kwa funguo za gari. Dada huyu namfahamu tangu akiwa fundi sanifu wa kuajiriwa. Yeye na wenzake wawili, wote wanawake, walisajili kampuni yao CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, daraja la saba la wakandarasi wadogo, wakaanza na vyoo vya shule na kukarabati madarasa. Mashine ile ndiyo kitu cha kwanza walichonunua kwa faida yao wenyewe. Sasa mwenye duka la saruji amechoka kuwasubiri, na mashine lazima iondoke.

Hana deni la kijinga. Kazi aliyopewa aliimaliza: mtaro wa mawe na makalavati, katika halmashauri moja ambayo siitaji. Mhandisi alikuja, akapima, akaridhika, akasaini hati ya malipo. Hiyo ilikuwa Machi. Tangu hapo jibu analopewa ni lile lile mnalolijua: fedha haijaingia, pita wiki ijayo.

Tumepiga kelele miaka mingi wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu watengewe sehemu yao katika zabuni za umma. Tukasikilizwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inaziagiza taasisi zitenge asilimia 30 kwa makundi haya. Tangu NeST ianze, ule mfumo wa zabuni za serikali kwa mtandao, mtu anaomba kazi kwa simu akiwa Sengerema bila kumjua yeyote ofisini. Naiheshimu hatua hiyo, na aliyehangaika na bahasha za zabuni enzi zile ataelewa kwa nini. Lakini kutenga zabuni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulipa, na hapo ndipo tunawaua hawa watu.

Hebu tuangalie fedha ya mkandarasi mdogo inavyozunguka. Kibarua analipwa Jumamosi. Usipomlipa Jumamosi hii, Jumatatu haji, na akija anakuja na maneno. Mama lishe anayewapikia saiti anakopesha wiki mbili, basi, maana na yeye unga anakopa. Lori la mawe halishushi bila fedha taslimu. Mwenye duka atakupa saruji na nondo kwa mali kauli, mwezi mmoja, labda miwili kama mmetoka mbali. Kwa hiyo mpaka siku mhandisi anasaini, mkandarasi ameshatoa kila senti mfukoni mwake. Ukiongeza makato ya matazamio, yale yanayozuiliwa mpaka muda wa uangalizi uishe, faida yake yote inaweza kuwa imelala humo. Mkandarasi wa daraja la kwanza akicheleweshewa malipo anahamisha fedha kutoka mradi mwingine, au anakwenda benki na wanamsikiliza. Huyu wa daraja la saba mradi wake ni huo huo mmoja.

Mtasema aende benki. Benki inataka nyumba. Nyumba anayoishi dada yangu huyu ni ya mume, na kiwanja ni cha ukoo wa mume, na mashemeji wana neno. Malipo ya awali yapo kwenye mkataba, ndiyo, lakini nayo yanadaiwa dhamana, na tunarudi kwenye nyumba ile ile. Basi akaenda kwenye kikoba, akachukua alichoruhusiwa. Kikaisha. Mwezi wa tano akachukua kausha damu, mikopo ile ya mtaani yenye riba kali. Rejesho kila wiki, na kitambulisho chake wamebaki nacho. Mwanamke anakopa kausha damu ili serikali ipate mtaro! Nikilifikiria hili nashindwa kulala, kwa sababu maana yake ni kwamba yeye ndiye anaikopesha halmashauri bila riba, na riba anailipa yeye mtaani.

Mikataba ya kawaida ya ujenzi inasema malipo yatoke ndani ya siku 28 tangu hati isainiwe, na yakichelewa kuna riba. Nilimuuliza, umedai riba? Akaniangalia kama nimemwambia aende kumtukana mtu. Atadaije riba kwa ofisi ambayo mwezi ujao anaitegemea impe kazi nyingine? Haki ambayo mpaka uiombe ndipo upewe, kwa mtu anayeogopa kuomba, haipo.

Wamarekani wana sheria ya malipo kwa wakati tangu 1982. Katika kazi za ujenzi za serikali kuu, malipo ya hatua yanatakiwa ndani ya siku 14 tangu dai sahihi lipokelewe. Mkandarasi mkuu akishalipwa, ana siku saba za kumlipa mkandarasi aliyempa kipande cha kazi hiyo. Wakichelewa, riba inahesabika yenyewe, mtu hapigi magoti. Wana malengo yao ya asilimia pia, kwa wanawake, kwa watu wa makundi yaliyobaguliwa, kwa wanajeshi wastaafu waliopata ulemavu kazini. Lengo lao la asilimia 5 kwa wanawake liliwekwa 1994 na likafikiwa mara ya kwanza mwaka wa fedha 2015. Miaka ishirini na zaidi! Kwa hiyo sidai miujiza kwenye asilimia. Ila siku za kulipa zinahesabika kwa kalenda, na kalenda tunayo.

Najua wapo wanaume wenye makampuni makubwa wanaojificha nyuma ya vikundi vya akina mama. Wakamatwe. Najua pia wapo wanawake wanaoshusha bei mpaka kazi haifanyiki, na mtaro unabomoka mvua ya kwanza. Nakubali, nimeuona mmoja. Na maofisa wa halmashauri mara nyingi hawana kosa, fedha kweli haijashuka kutoka juu. Kama haijashuka, msitangaze kazi. Hakuna anayekwenda sokoni kuchukua samaki huku akijua hana fedha, halafu akamwambia muuzaji apite mwezi wa tisa.

Ninachoomba kiko wazi. Halmashauri itangaze kazi ya makundi maalumu ikiwa na fedha yake mkononi. Hati ya mkandarasi mdogo ilipwe kabla ya ya mkubwa. Riba iingizwe bila kuombwa. Na kwenye taarifa zinazosomwa kwa madiwani, pembeni ya thamani ya zabuni zilizotolewa kwa wanawake, iandikwe thamani iliyolipwa na ilichukua siku ngapi.

Mnunuzi alikubaliana naye mwishoni. Vijana wanne waliinyanyua mashine wakaiweka kwenye Canter, na dada akapanda juu kuhakikisha wameifunga kamba vizuri, kama vile bado ni yake. Alipokea fedha, akahesabu, akaingia dukani kumpa mwenye saruji. Jioni simu yake iliita akiwa nami. Ni ofisi ile ile ya halmashauri ambayo haijamlipa, wanataka kujua kama atapatikana Ijumaa, kuna semina ya wanawake na fursa za zabuni, na wangependa aje atoe ushuhuda.