Steringi wa Justice League ni Flash, na sibishani

Niseme mapema ili tusipotezeane muda. Kama wewe ni mtu wa Batman, kaa na Batman wako, mimi sina ugomvi nae, namkubali. Kama ni mtu wa Superman, hivohivo. Ila nimemaliza kuirudia Justice League yote, ile katuni iliyoanza Novemba 2001 pale Cartoon Network pamoja na mwendelezo wake Justice League Unlimited ulioisha Mei 2006, jumla episodi 91, na nimetoka huko na jambo moja ambalo utotoni halikuniingia kabisa: steringi wa ile katuni ni Flash, yule mwenye mbio kupita kiasi. Ndio, yuleyule. Yule mropokaji, yule anaetongoza kila anaepita, yule ambae wenzake wakiwa kwenye kikao cha kuiokoa dunia yeye anatafuna kitu.

Utotoni nilimchukulia kama kichekesho tu, yani wamemuweka pale tucheke kidogo halafu turudi kwa watu wa kazi. Maana timu ya mwanzo ilikua na watu saba, Superman, Batman, Wonder Woman, Green Lantern, Hawkgirl, Martian Manhunter na huyu. Ukiwapanga kwa nguvu hakai juu, ukiwapanga kwa akili Batman kashamaliza mchezo, ukiwapanga kwa heshima ndo kabisa, Green Lantern anamkaripia kama mdogo wake aliemkuta anachezea simu wakati wa kusoma. Na kuna episodi hadi ametokea kwenye tangazo la biashara, wenzake wanaona aibu yeye anaona poa tu.

Sasa nenda kaangalie ile stori ya sehemu mbili ya 2003, A Better World. Inaanzia kwenye dunia nyingine inayofanana na ile tuliyoizoea, ila huko Lex Luthor, adui mkubwa wa Superman, ni rais wa Marekani na kidole chake kiko karibu na kitufe cha kulipua dunia. Superman anaingia ofisini kwake, wanarushiana maneno, Luthor anamchokonoa kwamba wewe huwezi kuniua kwa sababu unapenda kuwa shujaa, halafu Superman anamuua. Kwa miale ya macho, pale pale, na kamera hata haituoneshi, inatuonesha mwanga tu. Kilichomfikisha hapo ni nini? Hakurogwa, hakupewa sumu, hakuna adui alieingia kichwani mwake. Flash wa dunia ile alikua ameshauawa, na aliemuua ni Luthor. Basi. Mtu mmoja katoka kwenye timu, yule tuliekua tunamuona wa kupamba, na timu nzima ikaoza.

Na imeoza haswa. Miaka miwili baadae wanajiita Justice Lords, wanaiendesha dunia wao wenyewe, wahalifu wa Arkham, ile hospitali ya vichaa wanakofungwa maadui wa Batman, wamechomwa ubongo kwa macho ya Superman wamebaki wapole kupita kiasi, kuna mzee anakamatwa na askari mgahawani kisa kalalamika bili imezidi. Hicho kipande cha bili kinachukua sekunde chache tu na mimi kilinitisha kuliko vita yoyote ya majitu ya angani kwenye katuni nzima.

Kuna sehemu humo Batman wetu anapambana na Batman wa dunia ile, wanapigana na kubishana kwa wakati mmoja, wetu anamwambia mmewanyang'anya watu uhuru, yule anamjibu kwamba tumetengeneza dunia ambayo hakuna mtoto wa miaka 8 atakaepoteza wazazi wake kwa sababu ya mhuni mmoja mwenye bastola. Na Batman wetu ananyamaza, maana hivohivo ndo alivopoteza wazazi wake. Anaachia silaha yake, anakubali kashindwa. Batman! Mtu ambae kwenye kila kitu kingine alichotokea lazima awe na jibu na mpango wa akiba na mpango wa akiba wa mpango wa akiba. Unabaki umekodoa macho, unajiuliza sasa hii inaishaje, na ukijiuliza vizuri unagundua hata wewe jibu huna.

Timu yetu inafungwa kwenye dunia ile. Nani anawatoa? Flash. Anaongeza kasi ya mapigo ya moyo wake hadi mashine inashindwa kuyahesabu, inaonesha mstari umelala, amekufa. Yule Batman mwingine anakimbilia kufungua kwa sababu hawezi kuvumilia kumpoteza Flash mara ya pili. Ujanja wenyewe wa kitoto kabisa lakini umekaa juu ya ukweli mmoja, kwamba hata hawa waliogeuka madikteta bado kidonda chao ni kilekile. Utotoni nilicheka hapo. Safari hii sijacheka.

Hili jambo halikuishia hapo, na ndo maana naiheshimu hii katuni. Waandishi wangeweza kulisahau wiki inayofuata kama katuni nyingi zinavofanya, lakini walilibeba hadi kwenye Unlimited. Serikali ikaanza kujiuliza, hawa watu wakiamua kubadilika kama wale wenzao tutawafanya nini? Hapo ndo anaingia Amanda Waller, ofisa wa serikali, na Cadmus, mradi wa siri wa kujiandaa kupambana nao, na kusema ukweli mama ana hoja. Timu ina kituo kinachozunguka angani na kile kituo kimefungwa mzinga unaotazama chini duniani, sijui nani alikaa akaona hilo wazo ni zuri, na bila shaka kuna siku mzinga ukaibiwa kwa kompyuta ukafyatuliwa. Mimi ni shabiki wao na hata mimi ningewaogopa.

Katikati ya hayo kuna jamaa anaitwa The Question, mtu wa kuunganisha vitu kichwani hadi usiku hapati usingizi, anagundua kwamba kwenye ile dunia nyingine mambo yaliharibika Flash alipouawa. Basi anaamua aende akamuue Luthor yeye mwenyewe, maana yeye jina lake likichafuka hakuna anaejali, bora achafuke yeye kuliko Superman. Fikiria hilo. Mtu yuko tayari kuwa muuaji ili Flash asife, sio kwa sababu Flash ana nguvu kuliko wengine, ila kwa sababu anajua Flash akiondoka nini kinafuata kwa wale wenye nguvu.

Halafu kuna episodi ya Divided We Fall. Luthor ameungana mwili mmoja na Brainiac, ile akili ya kompyuta kutoka Krypton, sayari alikozaliwa Superman, wote saba wako chini wamechoka, na Flash anaanza kukimbia. Luthor anadhani anamkimbia. Kumbe anaizunguka dunia, anarudi anampiga, anazunguka tena, anarudi anampiga, na kila mzunguko kipande cha Brainiac kinang'oka, hadi Luthor anabaki mtu wa kawaida amelala chini. Na Flash mwenyewe anapotea. Kakimbia mno hadi kaingia huko mbio zinakotoka.

Sasa angalia Superman. Amesimama na Luthor, Flash hayupo, mambo yote yamejipanga kama kwenye ile dunia nyingine, na sisi watazamaji tumekua tukiisubiri sekunde hii kwa karibu miaka miwili. Anasema yeye sio yule aliemuua Rais Luthor, kwa sasa anatamani angekua yeye, lakini sio. Nilisimamisha video hapo nikaenda kunywa maji. Baadae wanasikia sauti ya Flash, wanamvuta wakishikana mikono, anarudi, anaeleza alichokiona huko na kwamba akikimbia vile tena hadhani kama atarudi. Na anaeleza kama mtu anaekusimulia alivopitwa na basi.

Lakini hoja yangu kubwa hata sio hizo za kulipuka. Ni episodi ya 2006, Flash and Substance. Mji wake, Central City, unamfungulia makumbusho, maadui zake wanapanga kumharibia sherehe, na amekuja na Batman pamoja na Orion, mpiganaji wa kutoka sayari nyingine ambae haelewi kabisa huyu mtu anaheshimiwa kwa lipi. Wanamkuta mmoja wa maadui baa, anaitwa Trickster. Wale wawili wanataka kumbana wanavojua wao. Flash anawazuia, anavuta kiti, anakaa nae. Anamuuliza umeacha tena dawa? Anamwambia umevaa tena ile nguo yako ya uhalifu. Trickster anajitazama, anashtuka, kweli kaivaa, hata hakujua. Flash anamwambia rudi hospitali, nitakuja kukuona, tutacheza vishale. Jamaa anamtajia wenzake walipo. Flash anamwambia malizia kinywaji chako halafu ujisalimishe. Na anakubali.

Hakuna ngumi. Mtu hajakunjwa shati. Taarifa imepatikana haraka kuliko Batman angeipata kwa kumning'iniza mtu kwenye ghorofa. Na sauti ya Trickster ni ya Mark Hamill, ambae kwenye katuni hizihizi za akina Batman ndo Joker, adui mkubwa wa Batman, kwahiyo masikio yako yanasubiri kicheko cha kichaa kilichokutisha miaka yote, badala yake unapewa mtu mgonjwa anaeongea taratibu mbele ya rafiki yake. Aliemchagua kwa ajili ya kipande hicho alijua anachofanya.

Mwishoni Orion anamwambia Flash kwamba sasa ameelewa, unajifanya mjinga kuficha maumivu ya mpiganaji. Flash anamshangaa tu. Hamna maumivu yaliyofichwa mzee, adui kakamatwa, hamna alieumia, siku imekua nzuri. Naipenda hiyo kuliko kitu chochote, kwa sababu siku hizi kila supahero lazima awe na jeraha la utotoni ndo aonekane ana uzito, na huyu anakataa hadharani kuwa na uzito wa namna hiyo. Ni mtu mwema tu na anafurahia kazi yake.

Nina malalamiko pia msidhani nimelewa mapenzi. Ule utongozaji wake msimu wa kwanza umezeeka vibaya, kuna mistari nimeisikia nikajikuta naangalia pembeni. Msimu wenyewe wa kwanza unaburuza, stori karibu zote ni za sehemu mbili hata zile ambazo zingeisha kwa moja, na Superman anaangushwa na kila mtu ili tu tujue adui ana nguvu, jambo ambalo hadi Bruce Timm, mmoja wa watayarishaji wakuu, alikiri na msimu wa pili wakamrudishia misuli yake. Na baada ya stori ya Cadmus kuisha, ule msimu wa mwisho unapwaya kidogo, una vituko vizuri ila hauna ule mkazo.

Vituko vyenyewe lakini! Kuna episodi Luthor na Flash wanabadilishana miili. Luthor yuko kwenye choo cha kituo, ndani ya mwili wa Flash, anasema angalau nijue siri ya huyu mtu ni nani, anavua kofia, anajitazama kwenye kioo, halafu anakiri hana habari kabisa huyu ni nani. Kinachonoga zaidi ni kwamba Michael Rosenbaum aliekua sauti ya Flash, miaka hiyohiyo alikua anamuigiza Lex Luthor kwenye tamthilia ya Smallville. Kwahiyo hapo ni Luthor wa kwenye tamthilia anaigiza Luthor wa kwenye katuni alieko ndani ya Flash wake mwenyewe. Walijifurahisha hao watu.

Nitoke nje kidogo, siwezi kuandika kuhusu hii katuni bila kumtaja John Stewart. Kwa wengi wetu huyu ndo Green Lantern, mtu mweusi, mwanajeshi, mkali, hacheki ovyo, na muvi ya 2011 ilipotoka na Green Lantern mwingine mzungu kuna watu walidhani wamebadilishiwa. Dwayne McDuffie, mmoja wa waandishi waliolibeba hili jahazi, mwenyewe mweusi, alifariki Februari 2011, miezi michache kabla ya hiyo muvi. Stewart anastahili makala yake peke yake, na mapenzi yake na Hawkgirl yanastahili nyingine, ile ya usaliti sitaki hata kuigusa leo.

Turudi kwa mtu wangu. Najua mtakachonijibu, mtaniletea episodi ya Epilogue, ile Batman anapewa silaha aende kumuua binti anaekaribia kufa ambae kifo chake kinaweza kuondoka na watu wengi, na badala yake anakaa nae kwenye bembea, anamshika mkono hadi anaondoka mwenyewe. Ndio, nimelia, kila mtu amelia. Nilikua hadi nimejiandaa kuwaambia kwamba pale Batman katumia somo la Flash, kukaa na mtu badala ya kumpiga. Halafu nikaangalia mpangilio, Epilogue ilitoka 2005 na ile ya Trickster ni 2006, nadharia yangu ikafa palepale.

Kwahiyo labda Flash ndo alijifunza kwa Batman. Hapana, hiyo siikubali.