Mshahara, Posho na Makato

Kuna watu wakikutana na mie njiani na mbwa wangu wananambia "yakhe wewe ushapumzika, mbwa wanakulindia shamba wewe umelala", nami nacheka tu kwa sababu njiani si mahala pa kumweleza mtu mambo mengi, lakini leo ntasema. Mbwa wangu wanafanya kazi, sikatai, hawajui Ijumaa hawajui Iddi, ila kila kazi moja wanayoimaliza wao inaniachia mie kazi mbili, na hizo mbili hakuna wa kunisaidia.

Shamba lenyewe si la kulisemea. Tuko kusini Unguja, unapanda gari ya 310 ya Makunduchi unashuka kabla haijafika, halafu unaingia ndani kwa miguu juu ya maweni yaliyotoa meno mpaka kandambili zinaomba msamaha. Udongo uko kwenye vishimo tu baina ya mawe, humo ndo tunachomeka muhogo, mbaazi, kunde, na migomba michache pale bondeni. Na nguruwe mwitu wanakijua kila kishimo kilipo kuliko mie niliyepanda. Nguruwe akiingia kondeni ungesema basi ale ashibe ende zake, hapana, anang'oa shina hili anauma kidogo, anahamia la pili anauma kidogo, kama mtu aliyeitwa kuonja pishi harusini, asubuhi unakuta konde zima limelala chali. Marehemu baba alikuwa akikesha juu ya dungu na debe bovu anapiga mpaka alfajiri na sie watoto tunapokezana, ndo maana mie mpaka leo nikisikia debe usingizi unakatika.

Sasa kaka yangu mkubwa alipostaafu serikalini akasema hayo mambo ya debe ya kizamani, akenda kwa wasasi, wale wawindaji, akachukua mbwa watatu akaniletea, na majina akawapa yeye mwenyewe kwa uchungu wake wa ofisini. Dume refu jembamba anaitwa Mshahara, kwa sababu ukimwona anakuja ujue ushamkosa, keshapita. Wa pili Posho, huyu haonekani mpaka kuwe na mkusanyiko wa watu. Wa tatu jike, mfupi, kifua kipana, sikio moja limechanika, huyo ndo Makato, na huyo ndo mkubwa wao wote, chochote kinachoingia hapa anachukua chake kwanza halafu ndo nyie mugawane kilichobakia.

Kaka karudi zake mjini, wa kuyaita majina hayo usiku nimebaki mie. Saa nane za usiku mtu mzima na kikoi changu na tochi niko kondeni naita "Mshahara! Mshahara weee, rudi!", asubuhi jirani ananipa pole, ati alinisikia navyolia na hata kwake hali ni hiyo hiyo. Na siku mwanangu alipokuja mbio barazani mbele za watu akasema "Baba, Makato kazaa!" kulikuwa na walimu wawili wa skuli wamekaa, wakainuka wakaondoka bila ya kuaga.

Tatizo kubwa ni twahara. Sie Mashafii, watu wa madhehebu ya Imamu Shafii, mbwa akikugusa na unyevu ni kuosha mara saba, moja yake kwa udongo, hilo hata mtoto aliyeanza chuo cha Kurani jana analijua. Ruhusa ya kufuga mbwa wa shamba na wa mifugo na wa kuwinda ipo, hadithi imesema, nimeshawatolea watu barazani mpaka wamechoka nayo, lakini ruhusa ya kufuga haikufuta kuosha. Na kikavu kwa kikavu hakina neno, hilo nalo nalijua, sasa nionesheni mbwa mkavu saa kumi na moja alfajiri kwenye umande! Wenzangu wamekesha kondeni, adhana inapigwa wao ndo wanarudi kutoa ripoti, wameroa chapa, furaha imewazidi, na anayetakiwa kupokea hiyo ripoti ni mie nimesimama mlangoni nna kanzu na udhu wangu nshatia. Makato anasimama mbele yangu, ananitazama, halafu anajitikisa. Anaanzia puani, mtikiso unashuka mabegani, unapita mbavuni, unakwenda kiunoni, unamalizikia kwenye ncha ya mkia, nami najivuta nyuma hivi nimebana kanzu, na likabaki tone moja la mwisho linaruka peke yake linanitafuta mpaka linanipata.

Na maji yenyewe muulizeni mama watoto. Bomba letu linatoka likitaka lenyewe, tena usiku wa manane, anakinga ndoo kwa ndoo watu wamelala. Nikisema tu "nimeguswa" yeye hata hainui kichwa, anauliza "kanzu au mguu?", maana kila kitu kina hesabu yake ya maji. Kaniwekea kopo la udongo msafi nje ya mlango, limefunikwa, limeandikwa BABA, wageni wakija wanafikiri ni dawa.

Halafu siku walipomkamata nguruwe. Dume zima, meno yametoka nje, walimzonga kwenye kona ya ukuta wa mawe, Mshahara anazunguka, Makato kashika sikio haachii, Posho yuko nyuma anabweka kuita watu (kazi yake ni hiyo, kuita watu). Kazi ikaisha mie hata viatu sijamaliza kuvaa. Wakaja wakanikalia mbele, ndimi nje, wananitazama usoni kusudi niseme neno. Niseme nini? Nani atamgusa huyu? Nyama hailiwi, na yeye mwenyewe ni mara saba vile vile kama mbwa. Wanangu badala ya kunisaidia wakaanza kubishana pale pale juu ya mzoga, mbwa kamng'ata nguruwe halafu mbwa kamgusa baba, je tunamwosha baba mara saba au kumi na nne? Mkubwa anasema kumi na nne, mdogo anasema arubaini na tisa, saba mara saba, ndo kwanza kafundishwa hesabu za kuzidisha na anatafuta pa kuzitumia. Mama watoto akatoa sauti kutoka jikoni, "kama ni arubaini na tisa baba yenu akaoshwe baharini!" Ikabidi mmoja apelekwe kwa ustadhi kuuliza, akarudi na jibu saba zinatosha, na mie nikasema alhamdulillahi kwa sauti ambayo hata msikitini sijapata kuitoa.

Kuosha bado, kwanza kuzika. Ukimwacha juu siku ya pili kijiji kizima kinakuja na pua zao kulalamika. Mbwa kwao ilikuwa dakika chache, mie nna mtaimbo nachimba jiwe tangu asubuhi mpaka kunaadhiniwa adhuhuri, cheche zinatoka, shimo halionekani, na wao watatu wamelala chini ya mwembe. Kila baada ya muda Mshahara anainuka, anakuja anachungulia shimo, anapiga chafya, anarudi kulala.

Na kima! Sisemi hawa kima wa kawaida, hao mbwa akibweka mara moja wameshafika kijiji cha pili. Nasema kima punju, wale wa mgongo mwekundu, wanaotoka upande wa msitu wa Jozani, hawapo popote duniani ila Zanzibar na sheria imewalinda, wageni wanatoa dola kwenda kuwapiga picha. Kwangu wamekuja bure, na hawakuja kuiba ndizi, wamekuja kuiba mkaa. Wallahi mkaa. Wataalamu walishalichunguza jambo hili, ati wanakula sana majani ya mwembe na ya mti wa mkungu, yana vitu ndani yake vinavyosumbua tumbo, na mkaa kwao ndo dawa. Sawa, kila kiumbe na dawa yake, lakini si kwenye polo la mama watoto. Basi mutazame mambo: kima kashika kipande cha mkaa anakimbia, mama watoto na mwiko anamkimbilia kima, Mshahara na Makato wanampita mama watoto, na mie nyuma kabisa nawakimbilia mbwa, kwa sababu watu wa hifadhi wakisikia mbwa wangu wanamfukuza kima punju wa kuitwa kujieleza ni mie, hawatomwita Mshahara. Na kima mwenyewe keshafika juu, kakaa kwenye tawi, anatafuna mkaa wetu kru kru kru, midomo imekuwa myeusi, anatutazama huko chini tunavyofukuzana wenyewe kwa wenyewe.

Musifikiri siku zisizo na nguruwe wala kima ndo napumzika. Hizo ndo mbaya zaidi. Mbwa hawa kukaa bure hawakuumbiwa, wasipopewa kazi wanajipa wenyewe. Kuku wanakusanywa saa nne asubuhi wanaswagwa bandani kulala, jua linawaka. Posho kawafuata watoto chuoni, kakaa nje ya dirisha anasikiliza darsa mpaka mwisho, ustadhi kanipelekea salamu kwamba huyo mwanafunzi mpya nimtafutie chuo chengine. Na mama mkwe alipokuja kututazama, katoka zake Paje na kapu lake la samaki, buibui safi, mie niko kondeni simwoni, Mshahara upande huu Makato upande huu, hawakubweka, hawakumgusa, wamemzunguka pole pole tu, akenda kushoto wanamziba, akenda kulia wanamziba, mpaka wakamtia kwenye banda la mbuzi na Posho akalala mlangoni. Nilipomkuta kasimama katikati ya mbuzi, kapu kichwani, kanyooka, ananambia kwa upole ule unaotisha, "Mwanangu, ndo tunapopokelewa wakwe siku hizi?" Nikamwambia hapana mama, karibu ndani. Akasema ndani atakuja, lakini kwanza nimtoe huyu beberu kwenye mtandio wake.

Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo nisiiseme sana, nikiisema napandwa na presha. Wakipita watu wa mifugo lazima uwapeleke, ugonjwa ule dalili zikishatoka hauna dawa, hapo sina mchezo. Lakini Makato huyu huyu aliyening'inia kwenye sikio la nguruwe, alipoiona sindano kachomoka na kamba yake, kaingia ndani kwangu ambako tangu azaliwe hajakanyaga, kapita sebuleni, kapita juu ya msala, kajitia chini ya kitanda. Bwana wa chanjo anatueleza pale nje kwamba mtu akiumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kabla hajenda spitali, mama watoto kakaa kwenye kizingiti kashika tama, anamjibu "dakika 15 tu? Mie nna nyumba nzima hapa."

Sasa turudi kwenye uzazi wa Makato. Sita, na wote wazima. Kaka alipopigiwa simu akacheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena kuleta jina la yule wa mwisho, Pensheni, kwa sababu wenziwe wote wameshafumbua macho yeye bado tunamngojea. Nikatangaza kijijini, mwenye kutaka kitoto aje. Hakuja mtu. Barazani wote wananitazama pembeni, hasa jirani yangu wa upande wa kibla, huyu kila nikipita ananisomea kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, nami namwambia mbwa wangu hawalali nyumbani wanalala bandani, anasema hata hivyo.

Juzi usiku, watu wametoka msikitini, nasikia hodi ya chini chini upande wa nyuma. Ni yeye. Na polo tupu mkononi. Akakohoa, akatazama huku na huku, akasema kuna rafiki yake anataka kitoto cha mbwa. Nikamuuliza rafiki gani huyo, akasema rafiki tu, humjui. Nikauliza muhogo wake umeliwa? Akasema "wote, hata ule wa nyuma ya choo changu."

Nikanyamaza. Na yeye akanyamaza. Tukakubaliana bila ya kusema kwamba rafiki keshafika.

Akaanza masharti. Anataka jike, mwenye kifua cha mamake. Malipo yatakuwa muhogo, ukishaota. Nimpeleke mwenyewe usiku, tena nisipite njia ya msikitini nizunguke kule bondeni. Mie nasema haya, haya, maana sita ni wengi na ukoko wa wali umeshaanza kuwagombanisha na wanangu. Akafika mlangoni anaondoka akageuka, "Na jambo moja sheikh, kazi afanye, lakini asibweke. Akibweka watu watajua nafuga mbwa."

Nikamwambia unayemtaka wewe ni paka, na paka unao.