Faili la kifaa halisafiri na folda ya mtandao

Mafundi wengi wa kompyuta hapa Mombasa, wakinyimwa ruhusa ya kufungua faili la kifaa (faili la Linux linalosimama badala ya kifaa kama diski au mizani) lililomo ndani ya folda ya mtandao, hukimbilia kulegeza ulinzi. Huanza na chmod 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote; wakishindwa huondoa root_squash kwenye seva, yaani kinga inayomvua mamlaka root (msimamizi mkuu) wa kompyuta nyingine; na wakishindwa tena huondoa nodev, chaguo linalozuia mafaili ya vifaa yasifanye kazi, kwenye kompyuta inayoipokea folda. Naipinga njia hiyo kwa nguvu zote. Ni ya hatari, na zaidi ya hayo, hata ule ujumbe wa kunyimwa ruhusa ukitoweka, bado mtu hajakifikia kifaa anachokitafuta.

Chukua godauni la Shimanzi ambalo mizani yake ya kupimia magunia imeunganishwa na seva ya Linux kwa waya wa USB, huku ofisi ya wakala wa forodha iliyoko Moi Avenue ikitaka kuusoma uzito papo hapo. Fundi anaunda faili la kifaa ndani ya folda inayogawiwa kwa NFS, mfumo wa kugawana mafaili mtandaoni, na ofisini amri ya kuorodhesha mafaili, ls -l, inalionyesha bila shida: herufi ya kwanza ni c, alama ya faili la kifaa, kisha rw-rw-rw-, yaani wote wanaruhusiwa kusoma na kuandika, na mahali pa ukubwa wa faili pana namba mbili, 188 na 0. Namba hizo ndizo faili lote, maana ndani yake hamna kitu kingine. Ya kwanza inaitaja draiva (programu inayokiendesha kifaa), ya pili inakitaja kifaa cha kwanza chini ya draiva hiyo, na kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) inayozitafsiri ni ya kompyuta iliyolifungua faili, yaani ile ya ofisini. Mlango namba 8 wa Kizingo si mlango namba 8 wa Kisauni, hata kama kibao kimeandikwa vilevile.

Ndiyo maana folda ikiwa imepachikwa, yaani imeunganishwa kwenye kompyuta, kwa nodev, chaguo ambalo pia hujiwekea lenyewe pale neno user linapoandikwa katika /etc/fstab, faili lenye orodha ya vinavyopachikwa, hata root hunyimwa, na chmod haina la kufanya. Ondoa nodev, na ofisini utaambiwa kwamba kifaa hakipo. Linalonitia wasiwasi zaidi ni pale ofisi inapokuwa na kisoma msimbopau chake kilichoshika namba hizohizo: faili litafunguka bila kulalamika, na programu ya uzito itapokea namba za bidhaa ikidhani ni kilo.

Kuthibitisha haya si kazi ngumu. Nasa mawasiliano ya bandari ya mtandao ya 2049, inayotumiwa na NFS, wakati faili linafunguliwa, na utaona maswali kuhusu sifa za faili tu, bila ombi hata moja la kusoma data ya mizani. Jihadhari pia na jaribio la kifaa cha null, kifaa cha kubuni kinachotupa kila kinachoandikwa ndani yake, chenye namba 1 na 3, ambalo limewapotosha watu wengi: hufaulu kwa sababu kila Linux ina null yake, wala si kwa sababu ya seva.

Hiki si kilema cha NFS. Sun Microsystems iliibuni mwaka 1984 kwa ajili ya kugawana mafaili, ilhali RFS, mfumo mshindani wa AT&T, ya muongo huohuo, iliruhusu kutumia vifaa vya mashine nyingine; iliyoenea ni NFS.

Kuhusu hatari, tuseme wazi. root_squash ikiondolewa kwenye seva na nodev kwenye mashine zinazopokea, mwenye mamlaka ya root katika kompyuta moja anaweza kuunda ndani ya folda faili la kifaa lenye namba 8 na 0, akaliachia ruhusa kwa wote, na mtumiaji wa kawaida katika kompyuta nyingine akasoma diski yake nzima, ikiwa diski hiyo ndiyo yenye namba hizo, bila kujali ruhusa za faili lolote lililomo. Katika ofisi ya forodha, diski hiyo ina nakala za vitambulisho na PIN za wateja, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Kila aina ya kifaa ina njia yake ya kupita mtandaoni. Printa ipewe CUPS, huduma ya uchapishaji, kwenye bandari ya 631. Diski itumie iSCSI, itifaki ya kuifikia diski kupitia mtandao. Kifaa cha USB kinachotakiwa kizimakizima kipite kwa USB/IP, inayopitisha USB mtandaoni. Mizani ya Shimanzi inahitaji ser2net, programu inayopitisha data ya kifaa kama hicho mtandaoni, katika seva ileile iliyoshika waya, na programu ya ofisini ielekezwe kwenye anwani na bandari ya seva hiyo badala ya jina la faili. Kwa kuwa usanidi wa kawaida wa ser2net hauulizi nywila, fayawoli (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) iiruhusu anwani ya kompyuta ya ofisini peke yake.