Wafilipino Huimba, Sisi Hutunza

Nimekulia Unguja, katika nyumba ambamo udi na kanuni, vyombo vya nyuzi vya taarabu, vilisikika redioni karibu kila jioni, na sasa huu ni mwaka wa sita naishi Quezon City, Ufilipino, ambako majirani huniita Kuya, yaani kaka. Katika muda huo nimefikia maoni ambayo huenda yakawaudhi baadhi ya ndugu zangu wa nyumbani: sisi tumezoea kuwaachia wajuzi muziki wetu, ilhali wenzetu hawa huuona kuwa ni haki ya kila mwenye kinywa.

Nililiona hilo katika sherehe ya kuzaliwa kwa binti wa jirani. Mashine ya kukodi ya videoke, yaani karaoke yenye maneno ya nyimbo kwenye skrini, iliwekwa uani, kando ya sufuria ya tambi, na kitabu kinene chenye majina ya nyimbo na namba zake kikawa kinapita mkono kwa mkono. Bibi mmoja alibonyeza namba bila hata ya kukifungua, akaimba "Anak" wa Freddie Aguilar, wimbo wa mwaka 1978 unaomhusu mtoto aliyewapotea wazazi wake. Mjukuu wake akafuata na wimbo wa bendi ya Eraserheads wa miaka ya 1990, kisha wasichana wadogo wakaimba na kucheza nyimbo za BINI, kundi la wasichana. Aliyekosea hakuchekwa, na zile alama zinazotolewa na mashine hazikumshughulisha mtu (kwa uzoefu wangu, hupewa mwenye kelele zaidi). Zamu yangu ilipofika nikaombwa wimbo wa kwetu. Nilianza taarabu niliyoijua tangu utotoni, nikakwama kwenye ubeti wa pili, kwa kuwa maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kuketi, kusikiliza, na kuinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji.

Aina ya wimbo wao wa kale inayonigusa zaidi ni kundiman, na sababu yake Mswahili yeyote ataifahamu mara moja: ni mafumbo. Mwanamume humbembeleza mpenzi asiyepatikana, na sauti huanza kwa majonzi ikageuka kuwa ya tumaini kuelekea mwisho. Wakati wa mapinduzi ya mwaka 1896 dhidi ya Wahispania, kundiman uitwao "Jocelynang Baliwag" ulikuwa, kwa maneno yake, wimbo wa kumsifu mwanamke, lakini wapiganaji waliupenda kwa sababu ndani yake walimwona mpenzi mwingine, yaani nchi. Baadaye watunzi wa muziki Francisco Santiago na Nicanor Abelardo waliuandikia kundiman muziki wa piano na kuupandisha kwenye kumbi za heshima. Kazi zao ni nzuri mno, ila nadhani hapo ndipo kundiman ulipoanza kufanana na taarabu yetu: watu wakauvalia nguo nzuri, wakaketi kuusikiliza. Pale uani hakuna aliyeuchagua.

Rondalla, bendi ya vyombo vya nyuzi iliyoachwa na Wahispania, ina bahati zaidi kwa sababu shule nyingi zina vikundi vyake. Mojawapo ya vyombo hivyo, laud, jina lake limetokana na neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi udi. Muziki mpya nao ulipata kinga ya serikali: amri ya Rais Corazon Aquino ya mwaka 1987 ilizitaka redio za muziki kupiga angalau nyimbo nne za Wafilipino kila saa.

Lakini sitaki kuwapamba kupita kiasi, kwani videoke haina nafasi kwa muziki usio na maneno ya kuandikwa kwenye skrini. Kule kusini, Mindanao, Wamaguindanao na Wamaranao wana kulintang, safu ya patu nane za shaba zilizolazwa juu ya kitako cha mbao, ambayo mpigaji mmoja huigonga kwa vijiti viwili huku wenzake wakimjibu kwa patu kubwa zinazoning'inia na ngoma. Rafiki yangu kutoka Cotabato anayo seti ya mama yake hapa mjini. Ameifungia kabatini tangu ahamie, kwa sababu mara ya kwanza alipoipiga, majirani walimlalamikia kuhusu kelele, majirani wale wale ambao videoke yao huzimwa saa nne usiku.