Seva ya pili haikumbuki jana

Alhamisi moja, saa nne kasoro robo asubuhi, niliandika amri ya kurekebisha riba ya mkopo wa mwanachama mmoja, nikaituma kabla sijaweka sharti la kutaja ni mwanachama yupi. Hifadhidata ilitii kama inavyotii kila amri iliyoandikwa sawasawa. Mikopo yote ya Sacco yetu hapa Kisumu, ya waendesha bodaboda wa Kondele, ya wauza samaki wa Dunga, ya wakulima wa mpunga wa Ahero, ikapewa riba moja, na deni la kila mtu likapigwa hesabu upya.

Nilikimbilia seva ya pili, ile inayonakili kila kinachoandikwa kwenye seva kuu. Bodi ilikuwa imeidhinisha pesa za kuinunua mwaka uliotangulia, na mimi ndiye niliyeomba. Nikafungua jedwali la mikopo huko, nikakuta kosa langu limeshafika.

Mama mweka hazina alikuwa amesimama mlangoni. "Kijana," akasema, "si ulituambia mashine ni mbili ili moja ikikosea nyingine ishike ukweli?"

Sikuwa nimesema hivyo. Lakini ndivyo bodi ilivyoelewa, na sikuwahi kuwasahihisha, kwa kuwa uelewa huo ndio uliopitisha bajeti. Jambo hilo limenikaa moyoni kuliko kosa lenyewe.

Kwa hiyo nasema wazi: hakuna Sacco, zahanati wala shule huku magharibi mwa Kenya inayofaa kulipia seva nakala, iwe ya ofisini au ya kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti, kabla haijarudisha data yake yote kutoka kwenye bakapu, ile nakala ya akiba inayowekwa kando, walau mara moja, watu wakishuhudia.

Urudufishaji wenyewe, yaani kuifanya seva moja iifuate nyingine, ni kazi safi, na naupenda. Seva kuu huandika kila badiliko kwenye daftari lake. Programu za hifadhidata zina majina yake: PostgreSQL huliita WAL, MySQL hulitunza kama logi ya binari. Daftari hilo ndilo linalosafiri hadi seva nakala, nayo hufuata mstari kwa mstari. PostgreSQL ilianza kulitiririsha moja kwa moja katika toleo la 9.0, mwaka 2010. Diski ya seva kuu ikifa saa nane usiku, nakala inashika kazi na wanachama hawajui kilichotokea. Ila nakala haina namna ya kutofautisha badiliko halali na mkono ulioteleza. Inalinda dhidi ya kifo cha mashine. Dhidi ya binadamu mwenye ruhusa ya kuandika, hailindi chochote.

Siku ile tuliokolewa na vitu viwili. Kwanza, bakapu ya usiku uliotangulia, ambayo kwa bahati ilikuwa nzima. Sikuwa nimeijaribu hata siku moja. Pili, ujumbe wa M-Pesa. Malipo ya asubuhi ile, ambayo bakapu haikuwa nayo, tuliyajenga upya kwa kusoma namba ya kila muamala na kuilinganisha na stakabadhi za kaunta. Tulimaliza Ijumaa usiku. Mama mweka hazina hakwenda nyumbani hadi karatasi ya mwisho ilipolingana.

Wakubwa wa fani hii pia yamewakuta. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, aliyekuwa akihangaika usiku na nakala iliyobaki nyuma alifuta saraka ya data akidhani yuko kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye seva kuu. Gigabaiti kama 300 zikaondoka. Bakapu za kila siku zilikuwa hazichukuliwi, kwa sababu programu ya kuzichukua ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya juu ya hilo zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na picha ya diski, yaani nakala ya diski nzima kama ilivyokuwa wakati huo, ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono muda wa saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walieleza yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Baada ya kusoma maelezo yao ndipo nilipopanga zoezi letu la kwanza la kurudisha data.

Wauzaji wa seva hawalitaji zoezi hilo. Wanachouza ni ukubwa. Ripoti yetu ya mwisho wa mwezi ilipoanza kuchukua dakika 20, tulishauriwa tununue seva tatu za kusomea, yaani nakala za kujibu maswali tu bila kuandika. Nilipoangalia mpango wa utekelezaji, unaoonyesha jinsi hifadhidata inavyotafuta jibu, nikaona hifadhidata inapitia jedwali zima la miamala kutafuta mtu mmoja, kama karani anayesoma kitabu chote kila anapotafuta jina. Tuliweka faharasa juu ya namba ya mwanachama na tarehe, na ripoti sasa inatoka kwa sekunde chache. Sacco ya saizi yetu inaweza kukaa miaka mingi kwenye mashine moja nzuri.

Na hata ukiwa na seva za kusomea, usisome salio kutoka kwao. Mama wa Dunga anaweka akiba, anauliza salio papo hapo, swali lake linajibiwa na nakala iliyo nyuma kwa sekunde tano, na pesa zake hazionekani. Sekunde tano hizo zinatosha kumfanya asirudi tena.

Sasa wingu. Siko upande wa wanaolikataa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipopotea karibu nchi nzima, nakala iliyoko Ahero isingesaidia kitu, maana gridi ni moja. Hapo nakala iliyo nje ya nchi ina thamani. Amazon walifungua vituo vyao vya wingu Cape Town mwaka 2020. Lakini kutoka Kisumu hadi huko ni kama kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya waya wa fiba huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 40 kwa uchache, na waya halisi unazunguka kwa njia ndefu zaidi. Ukitaka seva kuu isubiri kila mara Cape Town ithibitishe, kila muamala wa kaunta utalipa gharama hiyo, na njia ikikatika kaunta inasimama. Nayo hukatika: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana kwetu seva kuu imebaki Kisumu, nakala iko Cape Town na inafuata bila kusubiriwa, na bakapu pamoja na madaftari ya mabadiliko huhifadhiwa huko huko, yakiwa yamefungwa kwa usimbaji, kwa sababu namba za vitambulisho za wanachama zimo ndani na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haituachi huru kwa kuwa tu mashine iko mbali. Kupandisha nakala iwe kuu tunakufanya kwa mkono, watu wawili wakikubaliana kwa simu. Hatuiachii mitambo, kwa sababu mwezi Oktoba 2018 mtandao wa GitHub, kampuni ya kazi kama ya GitLab, ulikatika kwa sekunde 43 tu, mitambo ikateua seva kuu nyingine yenyewe, pande mbili zikawa na maandishi yasiyolingana, na kurejesha hali kukachukua zaidi ya saa 24.

Bili ya wingu huja kwa dola. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Anayepanga bajeti kwa shilingi aache nafasi.

Swali la Mama mweka hazina sikuliacha. Alichotaka ni mashine inayoshika ukweli wa kabla ya kosa, na kumbe hilo linawezekana. MySQL tangu 5.6, na PostgreSQL tangu 9.4, huruhusu nakala iliyoagizwa kuchelewa makusudi. Tuna mashine ndogo ya zamani pale ofisini iliyo nyuma kwa saa moja. Kosa la saa nne kasoro robo, likigunduliwa saa nne, bado halijafika kwake, na mtu anaweza kuisimamisha hapo hapo. Haichukui nafasi ya bakapu, kwa sababu makosa mengine hugunduliwa baada ya wiki.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunarudisha data yote kwenye mashine tupu. Mama mweka hazina huja na kitabu chake cha akiba. Zikimalizika kurudi, naketi kando na yeye anasoma namba zake kutoka kwenye kitabu, mstari mmoja mmoja, nami nazitafuta kwenye skrini. Mwezi uliopita tulisimama kwenye mstari wa tatu, amana ya Machi ambayo haikuwepo. Tuliitafuta hadi saa kumi jioni.