Saiklini D1: tuizime au tuiache?

Mwaka 1995 watafiti walizalisha panya wasio na jeni ya saiklini D1, protini inayoisukuma seli kuanza safari ya kugawanyika. Ungetarajia wafie tumboni. Hawakufa. Walizaliwa, wakakua wakiwa wadogo kuliko wenzao, hata majike wakashika mimba na kuzaa. Kasoro zilijitokeza mahali pachache tu, hasa kwenye retina, iliyokuwa nyembamba na yenye seli haba, na kwenye titi.

Hilo la titi linastahili kutazamwa kwa karibu. Weka chini ya hadubini kipande cha titi la panya wa kawaida aliyekaribia kuzaa: mirija imechanua vishada vya vifuko vya maziwa, vimebanana kama zabibu, na mafuta yamesukumwa pembeni. Kwa panya wasio na saiklini D1 vishada vilidumaa. Watoto walizaliwa, lakini mama hakuweza kuwanyonyesha.

Na ni titi hilohilo ambako jeni hii inatutesa. Kwa binadamu ipo kwenye kromosomu ya 11, na katika saratani za matiti karibu nusu huonekana protini yake ikiwa imezidi. Kwa hiyo wapo wanaoiita jeni ya saratani na kutaka izimwe, na wapo wanaosema ni jeni ya ukuaji, ukiigusa unagusa mengi.

Wanaotaka izimwe wana ushahidi mzito. Mwaka 2001 panya waliokosa saiklini D1 walipandikiziwa jeni zinazochochea saratani ya matiti. Jeni za neu na ras zilishindwa kuwapa saratani hiyo. Mwaka 2012 jeni ikazimwa ghafla kwa panya wazima ambao tayari walikuwa na uvimbe uliochochewa na neu: uvimbe ukasimama, panya wenyewe wakabaki na afya. Mimi naona hapa ndipo penye nguvu ya hoja yao, kwa sababu mwili uliokwisha kujengwa hauidai saiklini D1 kama unavyoidai mwili unaojengwa.

Ila majaribio yale ya 2001 yana nusu nyingine ambayo haitajwi sana. Panya haohao walipopewa myc au Wnt-1 badala ya neu na ras, waliugua kama kawaida. Saratani zote zilikuwa za titi, lakini njia zilizopita ni tofauti, na si kila njia inapitia mlango wa saiklini D1.

Upande wa pili una hoja nyingine. Saiklini D1 ina ndugu wawili, D2 na D3, na ndio waliowaokoa wale panya wa 1995. Zilipoondolewa zote tatu mwaka 2004, viinitete vilifika mbali kimimba kisha vikafa, mioyo ikiwa na kasoro na damu ikiwa haba mno. Sasa tazama dawa ya saratani ya matiti. Palbosiklibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, haiishiki saiklini D1 yenyewe. Inafunga CDK4 na CDK6, vimeng'enya vinavyofanya kazi na ndugu wote watatu. Madhara yake makubwa? Kupungua kwa chembe nyeupe za damu, ndiyo maana mgonjwa hunywa dawa siku 21 kisha hupumzika siku 7. Damu iliyokosekana kwenye kiinitete ilikuwa imeshatuonya. Kwangu mimi hii ndiyo sababu ya kutosha ya kuzijali tafiti za viinitete ambazo wengi huziona ziko mbali na wodi.

Kuna jaribio moja ninalolirudia kila mara. Mwaka 1999 watafiti waliiweka jeni ya saiklini E mahali pa saiklini D1. Retina ikarudi. Titi likachanua. Protini tofauti, inayofanya kazi hatua moja mbele, iliziba pengo lote hilo. Ni habari njema kwa panya, lakini uvimbe nao unaijua njia hiyo: baadhi ya saratani zinazoacha kuisikia palbosiklibu zimeongeza saiklini E.

Kwa hiyo naegemea upande wa kuizima, kwa sharti kwamba tuache kuhesabu wingi wa saiklini D1 kana kwamba ndio jibu. Jaribio la awali la palbosiklibu, lililochapishwa 2015, liliweka kundi la wagonjwa waliochaguliwa kwa sababu uvimbe wao ulikuwa na nakala za ziada za jeni hii au ulikuwa umepoteza p16, protini inayoizuia CDK4. Uchaguzi huo haukusaidia kuwatambua watakaonufaika zaidi. Seli inaweza kuwa nayo tele bila kuitegemea.

Kinachoonyesha utegemezi ni RB, breki inayoizuia seli kunakili DNA yake. Kazi kubwa ya saiklini D1 pamoja na CDK4 na CDK6 ni kuilegeza breki hiyo. Uvimbe uliokwisha kuipoteza RB hauna breki ya kulegezwa, hivyo hauna haja na saiklini D1. Mgonjwa mwenye uvimbe wa namna hiyo akipewa palbosiklibu, uvimbe utaendelea kukua, na seli zitakazozuiwa kugawanyika ni zile za uboho wake.