Dishi Kubwa Likae Svalbard, Mtwara Tupeni Wasomaji wa Picha

Kila yanapozuka mazungumzo ya anga, hapa Mtwara hakosekani wa kusema nasi tujengewe kituo kikubwa cha kupokea picha za setilaiti. Mimi napinga. Dishi hilo lingeshinda kutwa likisubiri.

Setilaiti zinazopiga picha za ardhi, kama Landsat na Sentinel-2, hupita karibu na ncha zote mbili za dunia, na mzunguko mmoja huchukua kama dakika 100. Dunia nayo inajizungusha chini yake, hivyo kila zikirudi usawa wa ikweta zinapita kama kilomita 2,800 magharibi zaidi. Safari zake nyingi hatuzioni kabisa. Kumbe kaskazini njia hizo zote hukutana, kama pande za chungwa kwenye kikonyo. Ndiyo maana Norway ilijenga kituo cha SvalSat mlimani juu ya mji wa Longyearbyen, visiwani Svalbard, nyuzi 78 kaskazini: setilaiti ya namna hiyo huizunguka dunia mara 14 hivi kwa siku, nacho kituo huinasa kila mzunguko. Picha ya shamba la Tandahimba ikishukia kule kwenye barafu, sioni ubaya.

Uchungu wangu uko kwingine. Picha za Sentinel-2 ni za bure, na nukta yake moja ni mita 10 kwa 10 ardhini. Mikorosho ikipandwa mita 12 kwa 12, ni kama kila mti na nukta yake! Mwenye jicho lililofunzwa anaona shamba linavyopoteza ukijani, na mikoko inavyopungua mdomoni mwa Ruvuma. Lakini nani anamsomea haya mkulima wa Newala anayepuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho? Vyama vya msingi vya ushirika ninavyovijua vina mizani na karani, basi. Fedha ya dishi ingesomesha vijana wa kukaa navyo.

Na kama lazima tujengewe kitu, yawe madishi madogo ya kupokea picha za mawingu za Meteosat, setilaiti za hali ya hewa, bila kutegemea intaneti. Setilaiti za aina hiyo hutulia juu ya ikweta: kwetu ziko juu vizuri angani, Svalbard ziko ukingoni mwa upeo. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za baharini zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Mambo hayo mawili yakija siku moja, wavuvi wa Kilwa watapata wapi habari za kimbunga? Dishi la paani kila wilaya ya pwani, na mtu wa kulisoma, ndilo ningependa wabunge wetu walidai.